Forinti Mbili za Mzee Vendel

Asubuhi ile sarafu za forinti moja na forinti mbili zilipofutwa, Vendel Bodnár alivaa suti yake nyeusi, ile ya mazishi, akajiandaa kwenda dukani kununua mkate mmoja. Mkewe Etelka akamwuliza nani kafa. Vendel akajibu kwamba wamekufa wawili, na kwamba mtu mwenye adabu humsindikiza maiti hata akiwa mdogo kama kifungo cha shati. Etelka akamtazama kidogo, kisha akarudi kumenya viazi vyake. Walikuwa wameishi pamoja miaka thelathini na minane, na alikwisha kukubali kwamba mume hachaguliwi kwa akili. Angekuwa anachaguliwa kwa akili, wanaume wengi wa mji ule wangezeekea kwa mama zao.

Ilikuwa Jumamosi, mosi Machi, mwaka elfu mbili na nane. Habari ilikuwa imetangazwa miezi mingi: sarafu hizo ndogo zilikuwa zinagharimu pesa nyingi kuzifua kuliko thamani yake, kwa hiyo zinaondolewa. Bei zingebaki vilevile, ila jumla ya mwisho ingesogezwa kwenye tano au kumi iliyo karibu. Ukidaiwa ishirini na mbili unalipa ishirini. Ukidaiwa ishirini na tatu unalipa ishirini na tano. Vendel alikuwa amelipinga jambo hilo majira yote ya baridi, kwenye baa, kwa kinyozi na hata kanisani, na hakuna aliyemwuliza maoni yake.

Duka la Bwana Halmos lilikuwa mkabala na kituo cha treni, lenye kaunta mbili za malipo. Kwenye ya kwanza alikaa Bori, mwanamke wa maneno makali ambaye wateja walimwogopa kuliko mkaguzi wa kodi. Kwenye ya pili alikaa Emőke, binti wa pekee wa Vendel, mwenye umri wa miaka thelathini na minne. Alikuwa amerudi kwa wazazi baada ya ndoa yake kuvunjika, akiwa na masanduku mawili na chungu cha ua, na sasa mshahara wake ndio uliolipia gesi ya nyumba. Mkataba wake ulikuwa wa muda. Mwisho wa Aprili Bwana Halmos angeamua kama ataajiriwa moja kwa moja.

Vendel aliweka kifli yake kwenye kaunta, mkate mdogo uliopindwa kama mwezi mchanga. Mashine ikaandika ishirini na mbili. Akatoa sarafu ya ishirini, akaanza kupapasa mfukoni kutafuta mbili.

“Ishirini zinatosha, baba,” Emőke alisema. “Mbili hazipo tena.”

Vendel akatoka na mkate wake. Alipofika kwenye ngazi akasimama. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa mpima mizani katika kiwanda cha sukari, mpaka kiwanda kikauzwa, kikabomolewa, na mizani yake ikapelekwa kwenye vyuma chakavu. Mtu wa mizani ana ugonjwa wake: hawezi kuona kitu kidogo bila kukizidisha mara elfu. Mkate mmoja, alihesabu, umempa faida ya forinti mbili. Mikate miwili kwa pamoja ni arobaini na nne, utalipa arobaini na tano, umepata hasara ya moja. Lakini mkate mmoja, kisha mmoja, kisha mmoja…

Akageuka, akaingia tena dukani. Mpaka saa sita mchana alikuwa ameingia mara saba, na ile suti ya mazishi ilikuwa na mikate kila mfuko.

*

Jambo hilo lingebaki kuwa ugonjwa wa mtu mmoja, lisingemdhuru mtu. Lakini Vendel alikuwa na kasoro nyingine, nayo ni kupenda kusikilizwa. Tangu kiwanda kifungwe hakuna aliyemwuliza chochote cha maana. Jumatano iliyofuata, kwenye klabu ya wastaafu katika ukumbi wa utamaduni, aliomba ubao na chaki. Akawaeleza wastaafu thelathini, polepole na kwa mifano, jinsi ya kununua kitu kimoja kimoja: kifli kwa ishirini na mbili unalipa ishirini, hamira kwa ishirini na saba unalipa ishirini na tano, kiberiti kwa kumi na mbili unalipa kumi. Alisema haba na haba hujaza kibaba. Alisema asiyeheshimu forinti mbili hastahili elfu mbili. Wakampigia makofi, na Ödön, rafiki yake aliyekuwa kondakta wa treni, akasema kwamba kama Vendel angekuwa waziri wa fedha nchi hii isingekuwa inatembea na viraka. Vendel akarudi nyumbani kifua mbele, akamwambia Etelka maneno ya Ödön neno kwa neno, akaongeza mawili ya kwake.

Basi wastaafu wakaanza. Walifika duka linapofunguliwa, kila mmoja akatia kifli moja kikapuni. Walilipa, wakatoka, wakazunguka nguzo ya taa, wakarudi nyuma ya foleni. Wenye magongo walizunguka nguzo taratibu, wenye miguu mizima wakawapita, na mara mbili wakagombana kuhusu zamu. Kwa Bori hawakwenda, maana siku ya kwanza Bori alimwuliza Ödön kama mkewe anajua kwamba ametoroka. Walikwenda wote kwa Emőke. Emőke alikuwa na adabu, na zaidi ya hapo asingeweza kuwafukuza, kwa sababu wa kwanza kwenye foleni alikuwa baba yake.

Vendel aliona kwamba binti yake amekuwa mkimya. Alidhani ni uchovu. Aliona pia kwamba hamwangalii usoni anapomrudishia risiti, akadhani ni kwa sababu ya kazi nyingi, na akajisikia fahari kidogo kwamba yeye ndiye aliyemletea wateja wote wale. Kila jioni aliandika faida ya siku kwenye daftari dogo, kumi na nne, kwa mwandiko uleule wa kiwandani.

Nyumbani mikate ilijaa. Etelka aliikausha na kuisaga, akakaangia nyama chenga zake siku nyama ilipokuwapo, akakaangia maua ya koliflawa siku nyama haikuwapo, akatengeneza matonge ya mkate ya kuchemsha, akaweka kwenye supu, akawapa kuku wa jirani hadi kuku nao wakachoka. Alikuwa anaumwa nyonga na kusimama jikoni kulimtesa. Kila alipolalamika, mumewe alimwonyesha daftari.

*

Tarehe tisa Aprili, jioni, Emőke alirudi na mshahara wa Machi. Kawaida aliweka elfu thelathini mezani, chini ya chupa ya mafuta, na mama yake akazichukua bila kusema neno. Safari hii aliweka elfu ishirini na mbili na ushee. Etelka alihesabu, akahesabu tena, akauliza kwa sauti ya chini kama kuna kitu amenunua.

Emőke alijibu hapana. Alivua viatu, akavipanga ukutani, akaketi. Kisha akaeleza, macho yakiwa kwenye kitambaa cha meza. Bwana Halmos alikuwa amechapisha hesabu ya mwezi ya kila kaunta. Hasara ya kusogeza bei kwa Bori ilikuwa forinti mia na tisini. Kwake yeye ilikuwa elfu saba mia nne kumi na mbili. Bwana Halmos alimwita stoo, mbele ya Bori na mleta maziwa, akamwuliza kama anafanya kazi dukani au anaendesha nyumba ya wazee. Alisema huyo mwenye kuongoza kundi ni baba yake, mji mzima unajua, kwa hiyo kama si wizi ni kitu kinachokaa jirani na wizi. Pesa zimekatwa kwenye mshahara. Na kuhusu mkataba, asitegemee.

Vendel alikuwa ameinua kijiko. Hakukishusha wala hakukipeleka kinywani. Akasema sheria inamruhusu mteja kununua anavyotaka.

“Najua, baba. Bwana Halmos naye anajua. Ndiyo maana hakukukata wewe.”

Akanyanyuka, akaenda chumbani mwake, akafunga mlango bila kuubamiza. Vendel angependa aubamize. Mlango uliobamizwa mtu anaweza kuukemea.

Etelka akavuta lile daftari kutoka kwenye droo, akavaa miwani. Alikuwa hajawahi kulisoma. Alikuwa akionyeshwa tu. Akauliza hizi ni siku ngapi. Vendel akasema thelathini. Akauliza mikate saba kila siku? Saba. Etelka akahesabu kwa ncha ya uma juu ya kitambaa cha meza.

“Umepata mia nne na ishirini,” alisema. “Na kuzipata hizo umenunua mikate mia mbili na kumi. Kabla ya hapo tulikuwa tunakula mikate mitatu kwa siku, na ya tatu nilikuwa nakupa wewe. Umetumia elfu nne na mia mbili, Vendel.”

Vendel akasema kwamba mikate ilikuwa imeliwa.

“Na kuku.”

Vendel akatazama viatu vyake chini ya meza. Alikumbuka kwamba wiki iliyopita fundi viatu alimbadilishia soli kwa elfu moja mia tisa, na alipomwuliza zimeishaje mapema hivyo, yeye alijibu kwa kujidai kwamba mtu wa shughuli hutembea. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa amekabidhiwa mizani ya tani sitini, hakupunjwa wala hakupunja gunia moja la viazi vya sukari. Na sasa, kwa hesabu ya mwanafunzi wa darasa la tatu, amejipunja mwenyewe, akampunja na binti yake, na kila siku alitembea kwenda kufanya hivyo akipiga mluzi.

*

Kesho yake hakwenda dukani kununua. Alisimama karibu na nguzo ya taa, akamsubiri Ödön, akamvuta kando na kumwomba waache. Hakumweleza sababu. Aliona haya kutaja mshahara wa binti yake barabarani, kwa hiyo akasema tu kwamba wametosheka, kwamba mzaha ukizidi hugeuka kero. Ödön alimsikiliza huku akimtazama kwa jicho moja.

“Halmos kakupa nini?” alimwuliza. “Soseji?”

Vendel akasema hakupewa kitu.

“Basi umejiuza bure, mwenzangu. Hiyo mbaya zaidi.”

Akaingia dukani na kikapu chake. Habari ilifika klabuni kabla ya adhuhuri, na ilipofika ilikuwa imenenepa: Vendel kahongwa, kapewa soseji mbili na chupa ya mvinyo wa Halmos mwenyewe. Mama mmoja ambaye Vendel alimfundisha hesabu hizo mara nne, kwa sababu hasikii vizuri, alimpita bila kumsalimu, akazunguka nguzo na kuingia tena.

Nyumbani Emőke hakuzungumza naye. Hakumnunia, alimpisha mlangoni, alimsogezea chumvi. Maneno ndiyo aliyomnyima. Vendel alijaribu mara moja kumwambia kwamba anashughulikia. Emőke akasema, “Usishughulikie,” na hilo likawa neno la mwisho kwa siku nyingi.

Jumatano ikafika. Vendel alivaa koti la kawaida, akaenda klabuni, akaomba tena ubao. Kiongozi wa klabu alisita, lakini alikuwa mtu asiyejua kukataa. Wastaafu walikaa na chai zao, wengine wakiwa wamegeuza viti kidogo pembeni ili ionekane hawamsikilizi.

Aliandika ubaoni 7,412. Akawaambia hii ndiyo pesa aliyokatwa Emőke kwa mwezi wa Machi, na mkataba wa kudumu hatapata. Mwalimu wao, yaani yeye mwenyewe, ndiye aliyemfanyia hivyo. Chini yake akaandika faida yake mwenyewe, mia nne na ishirini, na chini yake soli, elfu moja mia tisa, na chini yake mikate. Aliandika kuku wa jirani pia. Alipofika kwenye kuku mtu mmoja alicheka, kisha wengine, na Vendel akasimama na chaki mkononi akiwangoja wamalize, kwa sababu aliona ni haki yao. Alisema hakuna aliyemhonga, na kwamba kama Halmos angempa soseji ingekuwa ndiyo faida yake ya kwanza mwaka huu.

“Nawaomba mmwache binti yangu,” alisema mwishoni. “Kwangu mimi mnaweza kuendelea kucheka.”

Ödön hakucheka. Alikuwa akizungusha kikombe chake kwenye sahani. Akasema Vendel angesema hivyo siku ile pale kwenye nguzo, badala ya kumwacha mtu na dhambi ya kumsingizia mwenzake soseji. Vendel akakubali kwamba angesema. Mtu akapendekeza wachange. Kofia ikapitishwa, ikarudi na forinti elfu moja mia tatu na kitu, na ndani yake sarafu nne za forinti mbili, zilizokufa mwezi mmoja na nusu uliopita. Waliozitia ama walikuwa wamesahau, ama walikuwa wamekumbuka vizuri sana.

Aliyeikataa kofia ile kabla Vendel hajafungua mdomo ni Bi Rozália, mjane mnyamavu aliyekuwa mhasibu wa ushirika wa wakulima maisha yake yote, na ambaye hakuwahi kununua kifli hata moja kwa mtindo ule kwa sababu alisema unampotezea muda. Alikuwa ameutazama ubao kwa dakika nzima. Akauliza Halmos amekata kwa kifungu kipi. Kusogeza bei ni sheria, alisema. Keshia aliyefuata sheria hakupoteza kitu, hata kama duka limepoteza. Akachukua mkoba wake.

“Njoo, Vendel. Wewe utanyamaza, mimi nitaongea.”

*

Bwana Halmos aliwapokea ofisini, chumba chenye harufu ya sabuni na kabeji ya siki. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mkopo wa gari la mizigo, na tangu duka kubwa lenye maegesho lifunguliwe nje ya mji alikuwa akilala saa nne tu. Bi Rozália alizungumza kwa utulivu, akataja ukaguzi wa kazi mara moja tu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Halmos alibisha, akapandisha sauti, akaishusha. Mwishowe akasema atarudisha pesa, na mkataba atautia saini, maana kwa kusema ukweli Emőke ndiye keshia pekee ambaye wateja hawamkimbii. Lakini ana sharti moja.

“Mzee Vendel hakanyagi tena dukani kwangu. Si kwa kifli, si kwa mvua.”

Bi Rozália akafungua mdomo. Vendel, aliyeahidi kunyamaza, akasema amekubali.

Halmos akatoa pesa kwenye droo hapohapo, ili Vendel ampelekee Emőke. Akahesabu elfu saba mia nne na kumi. Akatafuta kwenye droo zile forinti mbili zilizobaki, akakumbuka, akainua mikono. Mbili hazipo tena. Watu wote watatu walizitazama zile noti na ile sarafu ya kumi juu ya meza, na hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kutabasamu.

Jumatatu iliyofuata bei zote dukani zilikuwa zimebadilishwa ziishie kwenye tano au sifuri. Hamira ikawa thelathini. Kiberiti kumi na tano. Kifli ikawa ishirini na tano, ukinunua moja, ukinunua mia. Foleni ya nguzo ya taa ikaisha siku hiyohiyo. Mji mzima, tangu mwalimu wa shule hadi padri, ukawa unalipa forinti tatu zaidi kwa kila mkate, na kila aliyelipa alijua wa kumshukuru. Kwa kinyozi walimwuliza Vendel lini atafungua darasa jingine. Mmoja aliuliza kama anaweza kuwafundisha na kuhusu bei ya gesi, ipande vizuri. Vendel alijibu kwamba kwa sasa amestaafu, na safari hii kwa kweli.

Emőke alizipokea zile pesa, akaziweka chini ya chupa ya mafuta, zote. Alikuwa amesikia mambo ya ubao kutoka kwa Bori, ambaye alisikia kwa watu wanane, na alijua kwamba baba yake ametajwa pamoja na kuku mbele ya wastaafu thelathini. Haikumfurahisha. Haikumkasirisha pia kama alivyotarajia.

*

Nyonga ya Etelka haikuruhusu abebe kikapu, kwa hiyo Vendel aliendelea kumsindikiza dukani. Yeye aliishia nje, karibu na mlango, pale watu wanapofunga mbwa wao kwenye chuma cha baiskeli. Siku za kwanza alijifanya anasoma matangazo dirishani. Alipoyamaliza yote, pamoja na la mtu aliyepoteza meno bandia kwenye treni ya kwenda Szolnok, akaanza kuzungumza na mbwa. Mbwa walimsikiliza kuliko klabu.

Ijumaa moja, mwisho wa Aprili, jua likiwa limeanza kuchoma, alivua kofia ajipepee. Alikuwa ameishika mkononi, upande wa ndani ukitazama juu, huku akimkataza mbwa mmoja mfupi kutafuna kamba ya mwenzake. Mwenye mbwa, msichana mgeni mjini, akatoka na mifuko yake, akamfungua mnyama wake, akamshukuru babu kwa kumwangalizia, na alipokuwa anaondoka akadondosha sarafu ya ishirini kwenye kofia.

Vendel alifungua mdomo amwite. Msichana alikwisha kuvuka barabara. Akabaki akiitazama sarafu ile kwenye kitambaa cha kofia kilichochakaa, forinti ishirini nzima, halali, haikusogezwa juu wala chini. Kwa mwendo wake wa zamani angehitaji mikate kumi kuipata. Alihisi masikio yake yamepata moto, na wakati uleule, chini kabisa tumboni, alihisi kicheko kinapanda, nacho hakikuwa cha furaha wala cha huzuni.

Alipoinua uso Emőke alikuwa amesimama mlangoni, amevaa aproni ya duka, sigara ambayo hajaiwasha mkononi. Ilikuwa mapumziko yake. Kwa jinsi alivyosimama ilionekana amekuwa pale muda, na ameona.

Alikuja akasimama kando ya baba yake, akaegemea chuma cha baiskeli. Akawasha sigara. Wakawatazama mbwa waliobaki, wawili. Ndani, nyuma ya kioo, Etelka alikuwa akichagua vitunguu, akivibonyeza kimoja kimoja bila haraka.

“Kesho usije na hiyo kofia,” Emőke alisema hatimaye. “Watu wanadhani unaomba.”

Vendel akasema sawa. Katika maneno yale yote alikuwa amesikia moja tu, kesho, na aliogopa kulirudia asije akaliharibu.